Baraza la Mbao na Rangi Inayoingia Ndani

Katika sehemu zote za nyumba zinazojengwa kwa mbao, hakuna inayopata taabu kama sakafu iliyo nje. Ukuta wa mbao husimama wima, hivyo mvua huteremka na kuondoka, na jua huupiga kwa upande kwa saa chache tu. Lakini ubao uliolazwa kwenye baraza lisilo na paa hupokea jua la utosi, hutuamisha maji baada ya kila mvua, na juu ya hayo hukanyagwa kutwa na nyayo zenye mchanga. Mabaraza ya namna hiyo, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa mazoea ya nyumba za Marekani na Ulaya ya kaskazini, sasa ni jambo la kawaida katika hoteli za pwani ya Afrika Mashariki kuanzia Diani hadi Paje, pembeni mwa mabwawa ya kuogelea, na katika nyumba za watu binafsi wanaopenda kupunga upepo jioni. Yanapojengwa, fedha na mawazo huelekezwa kwenye mbao na useremala, na rangi huachwa iwe shauri la siku ya mwisho, linaloamuliwa dukani mbele ya rafu ya makopo. Ndiyo sababu mabaraza mengi huchakaa kabla ya mwaka kwisha: vanishi imebanduka vipande vipande, mbao zimekuwa kijivu chini yake, na fundi anaitwa tena ili aparuze kile alichokipaka mwenyewe.

Ili kuchagua vizuri, inafaa kwanza kufahamu ubao unashambuliwa na nini. Ubao ni mfano wa mirija midogo mno iliyofungwa pamoja kwa urefu wa mti, na kuta za mirija hiyo zimefanywa kwa nyuzi za selulosi zilizoshikanishwa na lignini, yaani gundi ya asili inayoupa mti ugumu wake. Selulosi huvumilia mwanga, lakini lignini haivumilii, kwa kuwa miale ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, huivunjavunja hadi ikawa kitu kinachooshwa na mvua. Zinazobaki juu ni nyuzi zilizolegea, ambazo mtu akipitisha kiganja juu yake huzihisi kama manyoya, na kuvu nyeusi zinazoota katikati ya nyuzi hizo ndizo zinazoipa mbao kuukuu rangi yake ya kijivu. Hata hivyo madhara ya mwanga hayafiki mbali. Maabara ya Mazao ya Misitu ya serikali ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1910 katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, imekadiria kuwa mbao za jamii ya msonobari zilizoachwa wazi hupoteza takriban milimita 6 tu za unene kwa muda wa miaka 100.

Maji ndiyo yanayoangamiza. Ubao ukinyonya maji huvimba, ukikauka husinyaa, na kwa kuwa uso wake hukauka upesi kuliko tumbo lake, kila mzunguko wa mvua na jua huuacha na ufa mpya, ambao mvua inayofuata huutumia kuingia ndani zaidi. Unyevu wa ubao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji yaliyomo na uzito wa ubao mkavu kabisa, na maadamu kiwango hicho kiko chini ya asilimia 20, kuvu zinazoozesha haziwezi kustawi. Kikipita hapo kwa muda mrefu, kuoza huanza, na mara nyingi huanzia mahali pasipoonekana, kama vile ubao unapokalia boriti au pale skurubu ilipopenya. Kwa hiyo kinga ya baraza ina kazi mbili, yaani kuzuia mwanga usifike kwenye lignini na kupunguza kasi ya maji kuingia, na yote hayo ifanye bila kuyafungia ndani maji ambayo, kwa vyovyote vile, yatapata njia ya kupita.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloikosesha vanishi nafasi kwenye sakafu ya nje, ingawa ndiyo inayonunuliwa mno. Vanishi hukauka ikawa utando ulio juu ya ubao. Utando huo unapendeza ungali mpya, lakini kwa kuwa hauna rangi, mwanga hupita ndani yake na kuivunja lignini iliyo chini, hata ile ngozi ya ubao ambayo vanishi imeishikilia ikaachia. Wakati huohuo ubao unavimba na kusinyaa, na utando ulio mgumu hauwezi kufuatana nao, hivyo hupasuka. Maji huingia kwa mipasuko, hukosa pa kutokea, na ubao hubaki umelowa chini ya kitu kilichopakwa ili kiuweke mkavu. Mlango ulio chini ya kipenu unaweza kuishi na vanishi kwa miaka mingi. Sakafu isiyo na paa haiwezi, hasa katika nchi za ikweta, ambako kipimo cha nguvu ya urujuanimno mara kwa mara huvuka 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa cha kupindukia.

Kinachofaa ni steini, yaani rangi nyepesi ya kupenya, ambayo badala ya kutanda juu ya ubao huzama ndani ya ile mirija yake na kukaukia humo. Steini ina vitu vinne: mafuta au utomvu wa kiwandani unaokauka na kushika, kimiminika cha kuuzimua ambacho baadaye hupotea hewani, dawa ya kuzuia kuvu, na chembe za rangi. Wanunuzi wengi hudhani kwamba chembe za rangi ni pambo na kwamba kinga yenyewe imo katika mafuta, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mafuta hupunguza maji, lakini zinazozuia mwanga ni chembe za rangi. Nyingi kati ya hizo ni unga laini wa oksidi ya chuma, kitu kilekile kinachoufanya udongo wa bara uwe mwekundu, nao haufifii juani kwa urahisi kwa sababu ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni na ambacho mwanga hauna la kukifanya tena. Kadiri chembe hizo zilivyo nyingi ndivyo ubao unavyopata kivuli, na kadiri zilivyo chache ndivyo mistari ya asili ya mti inavyoonekana wazi. Mwenye baraza hana budi kuchagua mahali pa kusimama kati ya mambo hayo mawili.

Madukani steini hupatikana kwa daraja tatu. Ile isiyo na rangi kabisa huchaguliwa na wanaotaka mti uonekane kama ulivyo, nayo ni haja inayoeleweka, hasa kwa mtu aliyelipa bei ya mninga au msaji. Lakini hata inapotiwa kemikali za kufyonza urujuanimno, kinga yake juu ya sakafu ni ya mwaka mmoja hivi, na mahali penye jua kali hupungua. Ile iliyokolea hadi kuuficha mti kabisa huzuia mwanga vizuri kuliko zote, ila hukaribia kuwa rangi ya kawaida, hufanya utando, na hubanduka kwenye njia ya kupitia watu. Heri itumike kwenye vizuizi vya pembeni na nguzo, ambako hakuna anayekanyaga. Iliyo bora kwa sakafu ni ya katikati, yenye rangi ya kutosha kuukinga ubao na nyepesi ya kutosha kuacha mistari yake ionekane, ambayo kwa kawaida hudumu miaka miwili au mitatu na ambayo ikichakaa hufifia tu pasipo kubanduka, hivyo kuirudishia hakuhitaji kuparuza. Kwa upande wa kukolea kwa rangi, palipo na miguu mitupu kama kando ya bwawa, kahawia ya wastani ni ya busara kuliko rangi ya kahawa nyeusi, kwa maana ubao mweusi wakati wa adhuhuri hupata moto kiasi cha kumzuia mtoto kuuvuka.

Pwani haikungoja makopo ya viwandani ili ijue kulisha mbao mafuta. Mafundi wa majahazi walipaka sifa, yaani mafuta ya papa na samaki wengine wakubwa, kwenye mbao zilizo juu ya maji, na sehemu ya chini ya chombo wakaipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na kila baada ya muda chombo kilipandishwa pwani kikapakwa upya. Hekima iliyomo humo ni ile ya kurudia: mabaharia hawakutafuta kitu cha kupakwa mara moja kikadumu milele, bali kitu kinachorudiwa kwa urahisi. Ajabu ni kwamba desturi ya siku hizi ambayo watu huifananisha na hiyo, ya kupaka mbao oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari, haina undugu nayo. Mafuta ya samaki, kama yale ya mbegu za kitani yanayotumiwa katika steini nyingi, hukutana na oksijeni ya hewani yakagandamana. Oili ya injini haigandi kamwe, hubaki mbichi ikichafua nyayo na nguo, hubeba metali na kemikali zinazodhuru mwili, na ubao uliowahi kupakwa oili hiyo hukataa kushika steini yoyote ya maana. Kwa nguzo za uzio shambani huenda mtu akaitetea, lakini kwenye baraza ambalo watoto hutambaa haifai kabisa.

Kati ya steini ya mafuta na steini ya maji, wataalamu hugawanyika, na kila upande una hoja. Steini ya mafuta hupenya zaidi na husamehe makosa ya fundi, kwani huchelewa kukauka, ila mafuta ya asili ni chakula cha kuvu, na katika hewa yenye unyevunyevu ya Tanga, Mombasa au Unguja kopo lisilo na dawa ya kuvu linaweza kuliacha baraza na madoa meusi baada ya masika moja. Steini ya maji hushikilia rangi yake vizuri juani, haina harufu kali, na brashi yake huoshwa kwa maji, lakini hukauka upesi mno kwenye ubao wenye joto, na fundi asiye mwepesi huacha alama kila mahali alipounganisha. Kwa pwani, anayepata ya mafuta yenye dawa ya kuvu iliyoandikwa wazi kwenye kopo amepata kitu kizuri. Asipoipata, ya maji ni salama kuliko ya mafuta matupu.

Aina ya mti nayo ina neno lake. Sehemu kubwa ya mbao nafuu za Tanzania ni msonobari, ambao wengi huuita paini, unaotoka katika mashamba ya misitu kama Sao Hill wilayani Mufindi. Mti huu hunywa steini vizuri, lakini hauna kinga yake mwenyewe dhidi ya kuoza wala mchwa, hivyo hauna budi kutiwa dawa kiwandani kwa msukumo wa presha kabla ya kufika kwa fundi. Steini haichukui nafasi ya dawa hiyo. Ikumbukwe pia kwamba rangi ya kijani ya ubao peke yake si ushahidi kuwa umetiwa dawa kwa presha, kwa sababu ubao uliochovywa tu kwenye pipa nao hutoka na rangi. Kinachoaminika ni kukata kipande kidogo na kutazama dawa imeingia kina gani. Dawa iliyozoeleka zaidi katika nguzo za umeme na mbao za kuezekea ina shaba, kromiamu na aseniki, na kwa hofu ya aseniki watengenezaji wa Marekani waliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Anayepiga msasa mbao hizo na afunike pua na mdomo, akusanye vumbi lake, na mabaki yake yasipelekwe jikoni kuwa kuni, jambo linalofanyika mno.

Msaji, ambao wengine huuita mtiki na ambao hupandwa Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, una tabia ya kinyume. Moyo wake una mafuta ya asili yanayoufukuza unyevu na mchwa, na mafuta hayohayo huikataa steini au kuichelewesha kukauka. Kwa hiyo uso wake hupanguswa kwanza kwa kitambaa chenye thina, kisha hupakwa mara moja tu, kwa wembamba. Mvule na mbambakofi ni migumu na hunywa kidogo vilevile. Msaji uliokomaa unaweza kuachwa ugeuke kijivu bila kupakwa chochote na bado ukadumu, mradi hewa inapita chini ya sakafu na mbao zimeachiana nafasi ya kupitisha maji. Huo ni uamuzi halali ambao wauza rangi hawautaji.

Kazi yenyewe huamuliwa na matayarisho kuliko kopo. Kwenye baraza la zamani, kuvu na vumbi huondolewa kwa maji, brashi ngumu na unga wenye sodiamu pakaboneti, ambao ukikutana na maji hutoa oksijeni inayong'arisha. Jiki kali hung'arisha pia, lakini huidhuru lignini na kuacha nyuzi zimesimama, na mashine ya maji ya presha ikisogezwa karibu huchimba sehemu laini za msonobari na kuacha mifereji. Madoa meusi yaliyozunguka misumari hutokana na kutu kukutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo katika miti mingi, nayo hutolewa kwa asidi ya oksaliki. Yasipotolewa kwanza, steini huyaonyesha zaidi. Dawa yake ya kudumu ni kutumia skurubu za chuma kisichoshika kutu, hasa karibu na bahari. Baada ya ubao kukauka hupigwa msasa wa namba 60 au 80 kufuata mistari ya mti. Fundi mwenye moyo wa kazi huweza kutamani kuendelea hadi 120 au 180 ili kiganja kiteleze, lakini kwa steini ulaini huo ni hasara, kwa kuwa vinyweleo vya ubao huziba na rangi hukosa pa kuingia.

Utayari wa ubao hujulikana kwa tone la maji. Likidondoshwa na kutandaa, kisha likanywewa ndani ya dakika moja au mbili na kuacha doa la giza, ubao una kiu na utapokea steini. Likibaki limeviringika juu, ama kuna rangi ya zamani iliyobaki, ama uso umelainishwa mno, ama ubao bado una maji, na kupaka hapo ni kupoteza kopo. Ubao mpya unaofaa kupakwa usiachwe juani kwa miezi ukingoja, kwani kila wiki ya jua hulegeza ile ngozi ambayo steini itaishika.

Majira pia huchaguliwa. Pwani, wakati mwema ni kipupwe kinapokaribia mwisho, kuanzia Julai hadi Septemba, ambapo masika yamepita na joto halijapanda; wiki za vuli na masika hazifai. Kwa siku, kazi huanza umande ukishakauka, kwenye saa tatu asubuhi, na hufuata kivuli, kwa sababu ubao uliochomwa na jua hukausha steini juu kabla haijazama. Kuhusu kiasi, baraza la mita 4 kwa 5 lina mita za mraba 20. Kopo likisema lita moja hutosha mita za mraba 8, mkono mmoja utataka lita mbili na nusu, na mikono miwili lita tano, bila kuhesabu pande za mbao, na ubao mkavu wa zamani unaweza kunywa hata mara mbili ya hapo. Makopo yote humiminwa katika ndoo moja na kukorogwa, kwa maana toleo moja na jingine hutofautiana rangi, na ukorogaji huendelea muda wote kwani chembe za rangi huzama chini.

Fundi huanza na vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa, ambako mirija iko wazi na maji huingia upesi kuliko mahali pengine popote. Hapo hupakwa mara mbili au tatu hadi pakatae. Kisha hushika mbao mbili au tatu tu, akazipaka kutoka ncha hadi ncha bila kusimama katikati, ndipo akahamia nyingine, na kwa njia hiyo maunganisho huangukia kwenye nafasi kati ya mbao, ambako hayaonekani. Rola huharakisha kumwaga, lakini brashi lazima ipite nyuma yake kuisukuma steini ndani. Baada ya dakika 15 hadi 20 fundi hurudi na kitambaa, akafuta kila palipobaki na kung'aa, kwa sababu mng'ao huo ni steini isiyopata nafasi ndani, na ikiachwa itanata kwa siku nyingi kisha igeuke utando uleule uliokimbiwa. Kama steini ya mafuta inahitaji mkono wa pili, hupakwa wa kwanza ungali mbichi. Ukishakauka umeziba mlango.

Vitambaa vilivyotumika ni hatari ambayo haina budi kutajwa kwa mkazo. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa pembeni hulihifadhi joto hilo hadi kikawaka chenyewe. Februari 23, 1991, katika jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, lenye ghorofa 38, vitambaa vyenye mafuta hayo vilivyoachwa na mafundi kwenye ghorofa ya 22 viliwasha moto ulioua wazima moto 3 na kuliharibu jengo kiasi cha kubomolewa baadaye. Kwa hiyo vitambaa hutandazwa kimoja kimoja nje hadi vikauke na kukakamaa, au hutumbukizwa katika ndoo ya maji yenye kifuniko, na havilazwi stoo usiku hata mmoja.

Baraza lililopakwa huachwa siku mbili kabla ya viti kurudishwa, na vyungu vya maua huinuliwa kwa vipande vya mbao ili maji yasituame chini yake. Kila mwaka, masika yakipita, sakafu huoshwa na lile jaribio la tone hurudiwa mahali pawili: pembeni pasipokanyagwa, na mbele ya mlango. Pembeni tone litaviringika kwa muda mrefu. Mlangoni litaanza kunywewa mapema, na sehemu hiyo peke yake inaweza kupakwa upya kwa steini ileile, mradi jina na namba ya rangi viliandikwa mahali siku kopo liliponunuliwa.